Pothosi imehamishiwa chungu kipya na sasa inalegea: tafuta chanzo kabla ya kushika kopo la maji

Pothosi ikihamishiwa chungu kipya, na siku chache baadaye majani yakaanza kulegea, mkono wa mwenye mmea hukimbilia maji. Hapo ndipo nyingi zinapofia. Jani lililolegea kwa kiu na jani lililolegea kwa sababu mizizi inaoza yanafanana sana ukiyatazama kwa mbali, lakini kinacholiponya la kwanza kinaliua la pili. Kwa hiyo katika kila dalili nitakayoitaja hapa nitakurudisha chini ya udongo kwanza, maana karibu matatizo yote ya mmea huu baada ya kuhamishwa huanzia kwenye mizizi.

Mmea wenyewe ni Epipremnum aureum, ule wa majani yenye umbo la moyo na mabaka ya njano au meupe, ambao kwenye vitalu vya kando ya barabara Dar es Salaam na Nairobi wengi huuita mani planti. Asili yake ni kisiwa cha Mo'orea, katika Polinesia ya Ufaransa. Kule porini hauning'inii kama tunavyouning'iniza sebuleni. Unapanda miti, ukishikilia gome kwa mizizi midogo inayotoka kwenye kila kifundo cha shina. Jambo hilo lishike, kwa sababu linaeleza mengi: hii ni mizizi iliyozoea hewa. Ukiizika kwenye udongo mzito unaoshika maji wiki nzima, inakosa pumzi kabla hata ya kuvu kuishambulia. Filodendroni ya majani ya moyo, ambayo mara nyingi huuzwa pamoja nayo, ina tabia karibu zilezile, hivyo mengi ya hapa yanaifaa nayo.

Kijiti cha mshikaki kwanza

Kabla ya kusoma dalili yoyote, chukua kijiti cha mshikaki, kile cha mianzi, ukichomeke kwenye udongo kando ya chungu mpaka kiguse chini. Kiache dakika tano, kisha kivute taratibu na ukitazame. Sehemu kavu ya kijiti inabaki na rangi yake ya majani makavu. Sehemu iliyolowa inakuwa nyeusi kidogo na kushikwa na chembe za udongo. Sasa unajua si tu kwamba kuna maji, bali yako wapi. Mara nyingi utakuta juu pamekauka kabisa, kiasi cha kukudanganya, na theluthi ya chini bado ni tope. Nusa ncha ya kijiti pia. Udongo wenye afya unanukia kama ardhi baada ya mvua. Udongo wenye mizizi inayooza unatoa harufu ya maji yaliyotuama.

Kisha nyanyua chungu. Chungu cha plastiki chenye udongo mkavu ni chepesi kiasi cha kukushtua. Ukikizoea uzito wake baada ya kumwagilia na uzito wake kikikauka, hutahitaji kijiti tena.

Majani yote yamelegea ndani ya wiki ya kwanza

Hii ndiyo dalili inayowatisha watu zaidi. Ina vyanzo vitatu, na kila kimoja kina alama yake.

Cha kwanza ni mshtuko wa kuhamishwa. Unapotoa mmea kwenye chungu cha zamani, vinyweleo vya mizizi, vile vyembamba visivyoonekana vizuri kwa macho, vinakatika kwa wingi. Hivyo ndivyo vinavyofyonza maji. Majani hayajui kilichotokea chini, yanaendelea kupoteza maji hewani kama kawaida, na mizizi iliyobaki haiwezi kuyafidia. Matokeo ni majani laini, yaliyoinamia chini, lakini bado ya kijani, na shina bado gumu ukilibana kwa vidole. Kijiti kinaonyesha unyevu wa kawaida na hakuna harufu. Hapa maji zaidi hayasaidii kitu, kwa kuwa maji yapo tayari. Kinachokosekana ni vinyweleo vya kuyanywa. Punguza mahitaji ya majani: sogeza chungu mbali na dirisha lenye jua, kitoe kwenye upepo wa feni au wa kiyoyozi, na usikihamishehamishe. Kwa kawaida ndani ya wiki moja au siku kumi majani yanajiinua. Kama mizizi mingi ilikatika, kata pia theluthi ya mashina marefu. Wengi wanaona uchungu kukata, lakini mmea wenye mizizi michache na mashina ya mita mbili ni mzigo usiobebeka, na hayo utakayokata yataota upya kama nitakavyoeleza.

Cha pili ni kiu ya kweli. Majani yanajikunja kwa urefu, kingo zikielekea ndani, na yanakuwa membamba ukiyashika. Chungu ni chepesi, kijiti kinatoka kikavu mpaka chini. Mwagilia vizuri, na baada ya saa chache majani yatakuwa yameanza kunyanyuka. Pothosi husamehe kiu haraka. Ikiwa umemwagilia kwa kiu na kesho yake hakuna mabadiliko, basi tatizo halikuwa kiu, au maji hayakufika kwenye mizizi. Hilo la mwisho lina sehemu yake hapa chini.

Cha tatu ni kuoza kwa mizizi. Udongo umelowa, majani yamelegea, na baadhi ya majani hayo, hasa yale ya karibu na udongo, yameanza kuwa manjano. Shina likibanwa pale linapotoka udongoni linabonyea. Hapa hakuna kusubiri. Toa mmea kwenye chungu leo hii.

Shikilia mashina karibu na udongo, pindua chungu, gonga pembeni, na uache donge liteleze mkononi. Osha udongo kwa maji ya bomba yanayotiririka polepole mpaka uione mizizi yenyewe. Mzizi mzima ni mweupe au wa rangi ya maziwa, mnene, na ukiubana unakataa. Mzizi uliooza ni wa kahawia au mweusi, unateleza, na ukiuvuta kidogo ganda lake la nje linavuka kama soksi na kukuachia uzi mwembamba mkononi. Kata yote ya namna hiyo kwa mkasi uliofutwa kwa spiriti, mpaka ufike penye weupe. Usimwonee huruma mzizi wa nusu kahawia. Kuoza husonga mbele. Kisha pima kilichobaki na uchague chungu kinacholingana na hiyo mizizi michache, si kinacholingana na ukubwa wa majani. Tumia udongo mpya, mwagilia mara moja, acha maji yachuruzike yote, halafu usimwagilie tena mpaka kijiti kitoke kikavu kwa nusu ya juu.

Jani moja moja la chini linakuwa manjano

Kama ni jani moja au mawili ya zamani kabisa, na mengine yako sawa, acha. Mmea unapojenga mizizi mipya huvuta lishe kutoka kwenye majani makongwe na kuyaangusha. Ling'oe likikauka.

Kama yanageuka matatu, manne, kila baada ya siku chache, na yanapanda juu, rudi kwenye kijiti. Mara nyingi ni maji yaliyokaa. Mara chache zaidi ni mmea uliokaa gizani: umehamishiwa chungu kikubwa kizuri, ukawekwa kwenye kona ya sebule panapopendeza macho, na pale hakuna mwanga wa kutosha kuyakausha maji ya udongo wote ule. Kumbuka kwamba mwanga ndio unaoendesha unywaji wa maji. Ukipunguza mwanga, punguza na maji.

Maji yanapita moja kwa moja na kutoka chini

Unamwaga kopo zima, sekunde chache baadaye maji yote yako kwenye kisahani, na mmea bado una kiu. Hapa ndipo penye kosa ambalo vitabu vingi vya bustani haviligusi, kwa kuwa linatokana na namna mimea inavyokuzwa na kuuzwa kwetu.

Miche mingi ya vitalu hukuzwa kwenye viriba vya plastiki vyeusi, kwa udongo mwekundu au mfinyanzi uliochimbwa karibu. Udongo huo unashikana vizuri, mche haudondoki ukibebwa kwenye bodaboda, na muuzaji ana sababu nzuri ya kuutumia. Ila mnunuzi akifika nyumbani huondoa kiriba, huchukua donge zima la mfinyanzi na kulitumbukiza katikati ya udongo mpya laini wenye kokopiti, yaani unga wa makumbi ya nazi. Maji yakimwagwa yanafuata njia rahisi: yanazunguka kwenye udongo laini na kutoka chini, huku donge la katikati, lenye mizizi yote, likibaki kavu kama tofali. Au kinyume chake wakati wa masika: donge likishalowa halikauki tena, na mizizi inaoza ndani yake huku udongo wa kando ukiwa sawa kabisa. Ndiyo maana nakuambia uchomeke kijiti mara mbili, kando na karibu na shina.

Dawa ni kuliondoa donge kabla ya kupanda. Loweka donge kwenye beseni la maji nusu saa, kisha livunjevunje kwa vidole kuanzia chini, ukiutikisa mfinyanzi udondoke. Mizizi michache itakatika na mmea utapata mshtuko wa siku chache. Ni bei ndogo. Kama mmea wako tayari uko chunguni na una dalili hii, utoe na ufanye hivyo sasa. Na tazama vizuri: si mara moja wala mbili nimetoa mmea wa mtu na kukuta kiriba bado kimeuzunguka, kimechanwa chini tu, na mizizi ikizunguka ndani yake kwa kukosa njia.

Chanzo kingine cha maji kupita ni kokopiti iliyokauka kupita kiasi. Ikikauka kabisa inakataa maji, yanateleza pembeni. Hiyo haihitaji kuhamishwa: weka chungu kizima ndani ya karai lenye maji yanayofika nusu ya kimo chake, kiache kinywe kutoka chini kwa nusu saa, kisha kitoe kichuruzike.

Udongo haukauki, wiki ya pili bado umelowa

Tazama chungu kwanza. Kanuni ni kuongeza sentimita 2 hadi 5 za upana kuliko donge la mizizi, basi. Donge la sentimita 12 linahitaji chungu cha 15 au 17. Watu huruka kutoka kikopo hadi ndoo ya rangi ya lita ishirini wakidhani wanaupa mmea nafasi ya kukua. Udongo ambao mizizi haijaufikia hauna wa kuunywa; maji yanabaki humo, na pothosi hukaa pembezoni mwa dimbwi.

Tazama matundu. Yawepo, yawe wazi, na chungu kisikae ndani ya kingine cha mapambo chenye maji chini. Vyungu vya kauri vinavyopendeza mara nyingi havina tundu kabisa. Vitumie kama vazi la nje tu: panda kwenye plastiki yenye matundu, mwagilia ukiwa umeitoa, irudishe ikishachuruzika.

Halafu kuna kokoto. Karibu kila mtu amefundishwa kuweka safu ya kokoto chini ya chungu ili maji yatoke. Haifanyi kazi hiyo. Maji hayashuki kutoka kwenye udongo wenye vitundu vidogo kuingia kwenye kokoto zenye nafasi kubwa mpaka udongo ule umelowa kabisa. Yanasimama juu ya kokoto. Ukiweka sentimita 5 za kokoto, umepandisha tope sentimita 5 karibu na mizizi na umepunguza udongo wa kupandia. Kipande cha chandarua juu ya tundu kinatosha kuzuia udongo usimomonyoke.

Mwisho ni udongo wenyewe. Mchanganyiko ninaoupenda, na ambao unapatikana bila kutafuta duka maalumu: sehemu mbili za udongo mweusi wenye mboji iliyoiva, sehemu moja ya kokopiti au makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, sehemu moja ya mchanga mkubwa wa mtoni, na konzi mbili tatu za mkaa uliopondwa ukubwa wa punje za mahindi. Anayeishi karibu na milima ya volkano, Naivasha au Arusha, atumie vijiwe vyepesi vya pumisi badala ya mchanga. Ni bora zaidi kwa kuwa vina hewa ndani yake. Maganda ya mpunga nayo yanafaa. Mchanga wa ufukweni usiutumie, una chumvi. Na ukiwa Unguja au mahali popote ambapo makumbi hufukiwa kwenye tope la pwani ili yatoe nyuzi za kusokotea kamba, yale usiyachukue mpaka uwe umeyaloweka kwenye maji baridi na kubadilisha maji mara kadhaa.

Jaribu mchanganyiko kabla ya kupanda. Ulowanishe kidogo, finya konzi moja, fungua mkono, liguse donge kwa kidole. Likisambaratika, panda. Likibaki gumu na kuacha alama za vidole vyako, ongeza vitu vikubwa.

Ncha za majani zinakauka na kuwa kahawia

Ncha tu, au ukingo mwembamba, na sehemu nyingine ya jani ni nzima. Fikiria chumvi. Visima vingi vya Dar es Salaam na mwambao hutoa maji ya chumvi, na watu wanayatumia kwa kufua na kumwagilia ili kuokoa maji ya bomba. Maji yanakauka, chumvi inabaki, na kila umwagiliaji unaongeza. Utaiona yenyewe: unga mweupe juu ya udongo, au mstari mweupe nje ya chungu cha udongo wa kuchoma. Kinga mvua. Beseni moja la maji ya mvua linatosha mimea ya ndani kwa siku nyingi, na mwaga kiasi kinachotoka chini kwa wingi ili kisafishe chumvi ya zamani.

Kama huna chumvi kwenye maji, uliza ulichochanganya kwenye udongo. Samadi mbichi huunguza mizizi. Mbolea ya dukani ya yurea au CAN iliyonyunyizwa kwa mkono, kama inavyofanywa shambani, huunguza zaidi, na mmea uliohamishwa karibuni hauna ngozi ya kuvumilia. Wiki nne hadi sita za mwanzo usiupe mbolea yoyote. Udongo mpya una chakula cha kutosha. Baada ya hapo, ukiona majani mapya, mbolea ya maji ya NPK 20-20-20 kwa nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, mara moja kwa mwezi, inatosha.

Mabaka makubwa makavu yaliyopauka katikati ya jani, upande unaotazama dirisha, hayo ni jua. Sogeza. Jani lililoungua haliponi, lakini haliambukizi mengine.

Imesimama tu, haikui

Mwezi wa kwanza hiyo ni kawaida, inajenga mizizi kwanza. Nyanda za juu, Nairobi, Mbeya, Iringa, Bukavu, kuanzia Juni hadi Agosti usitarajie kitu. Chini ya nyuzi joto 15 pothosi hupunguza mwendo kabisa, na ikishuka hadi 10 majani huanza kuharibika. Ndiyo maana ningekushauri usihamishe chungu miezi hiyo ukiwa huko, labda tu kama mizizi imeoza. Pwani hamisha mwezi wowote, ila wakati wa masika ujue udongo utakauka polepole kwa unyevu wa hewa, na kopo lako lipumzike.

Kama miezi miwili imepita, joto lipo, na bado hakuna hata jani jipya linalofunguka, toa mmea uitazame mizizi. Ukiona unga mweupe kama pamba kwenye mizizi, ni vidung'ata wa mizizi, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu. Osha mizizi yote, tupa udongo ule mbali na mimea mingine, sugua chungu kwa maji ya moto na sabuni, panda upya.

Kamba ndefu tupu, majani madogo, mabaka yametoweka

Mwanga, mwanga, mwanga. Mmea unanyoosha shina kutafuta dirisha, unaacha nafasi ndefu kati ya kifundo na kifundo, na mabaka ya njano yanafifia kwa sababu jani linahitaji kila sehemu yake iwe kijani ili lijilishe. Mahali pazuri ni mita moja au mbili kutoka dirishani, au dirisha la mashariki lenye jua la asubuhi peke yake. Kipimo changu: mchana, bila kuwasha taa, uweze kusoma gazeti pale mmea ulipo bila kukaza macho.

Lakini shina lililokwisha kuwa tupu halirudishi majani pale lilipo wazi. Una njia mbili. Moja ni kulizungusha juu ya udongo wa chungu chake chenyewe na kuvibana vifundo vyake kwa vipini vya nywele au waya uliokunjwa. Kila kifundo kinachogusa udongo wenye unyevu kitatoa mzizi, na chungu kitajaa juu. Njia ya pili ni kukata. Ukikata juu kidogo ya kifundo, chipukizi hutoka hapo na tawi linaendelea.

Na ukitaka majani makubwa usisubiri yatoke kwenye shina linaloning'inia. Pothosi ikining'inia majani yake hupungua. Ikipewa nguzo ya kupanda, hata kipande cha gogo kilichofungwa makumbi, hukuza. Wengine hunilalamikia kwamba yao haijawahi kutoa ua. Hakuna pothosi ya nyumbani inayotoa. Mmea huu una upungufu wa homoni ya jiberelini, na hata nje ya nyumba kuchanua kwake ni nadra mno.

Vijidudu vinarukaruka juu ya udongo

Vyeusi, vidogo kuliko mbu, vinainuka ukigusa chungu. Hivi huletwa na mboji isiyoiva na udongo unaolowa juu muda wote. Mabuu yake hula kuvu na mizizi michanga. Acha sentimita 3 hadi 5 za juu zikauke kabisa kati ya mwagilio na mwagilio, tandaza mchanga mkubwa juu, mwagilia kutoka chini kwa karai. Kipande cha kadi ya njano kilichopakwa mafuta mazito ya mgando kitawanasa waliokomaa. Usilegeze kabla ya wiki tatu au nne, maana kuna mayai bado.

Pamba nyeupe kwenye kona za vikonyo ni vidung'ata. Waguse mmoja mmoja kwa pamba ya masikioni iliyochovywa spiriti, kisha osha majani kwa kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja, juu na chini ya jani, kila wiki mpaka wasionekane. Tando nyembamba na vidoa vidogo vya manjano ni utitiri mwekundu, anayependa hewa kavu; mpeleke mmea bafuni ukaupige maji kwa nguvu upande wa chini wa majani.

Matone ya maji kwenye ncha za majani alfajiri si ugonjwa. Ni maji ya ziada yanayotoka usiku. Yakitokea kila siku, umemwagilia kidogo zaidi ya inavyohitajika.

Mikono inawasha baada ya kazi

Pothosi ni jamaa wa magimbi, na utomvu wake una fuwele zilezile za kalisi oksaleti zinazofanya gimbi bichi liwashe koo. Vaa glavu au hata mifuko ya plastiki, nawa kwa sabuni, usijifute macho. Chungu kining'inizwe juu, mahali mkono wa mtoto anayetambaa haufiki; akitafuna jani mdomo utamuuma na kuvimba. Paka vilevile.

Shina limekuwa jeusi pale linapoingia udongoni

Mzizi umekwisha na kuoza kumepanda. Usijaribu kuokoa sehemu ya chini. Fuata shina kwa macho kuelekea juu mpaka uone pale rangi inaporudi kijani thabiti, kisha ongeza vifundo viwili juu ya hapo kwa usalama, ukate. Tazama sehemu uliyokata: ikiwa na doa la kahawia katikati, kata tena juu zaidi, mpaka iwe safi yote.

Sehemu iliyobaki igawanye pingili, kila moja iwe na kifundo kimoja au viwili na jani moja. Usikate katikati ya kifundo. Acha sentimita moja chini yake. Ondoa jani litakaloingia majini. Weka kwenye gilasi ya maji safi, kifundo kikiwa kimezama na jani likiwa nje, mahali penye mwanga usio wa jua kali, na ubadilishe maji kila siku chache yasitoe harufu. Kwa joto la pwani mizizi huonekana ndani ya wiki mbili. Kwenye baridi inaweza kuchukua wiki nne au zaidi.

Usingoje mizizi iwe mirefu kama nywele. Ikifika sentimita 3 hadi 5, ihamishie kwenye udongo, kwa kuwa mizizi iliyokua majini kwa muda mrefu huhangaika zaidi ikikutana na udongo. Panda pingili tano au sita pamoja kwenye chungu kimoja kidogo cha sentimita 12, zikizunguka ukingo, ili baadaye zijaze chungu badala ya kutoka kamba moja. Wiki mbili za kwanza weka udongo na unyevu kidogo zaidi kuliko ungefanya kwa mmea mkubwa, kisha rudi kwenye kijiti. Kile chungu cha zamani kisugue kwa sabuni na maji ya moto kabla hujakipa mmea mwingine, na udongo wake umwage mbali na bustani ya mboga.